Asali, nta na siagi ya Ulm

Nilipokwenda Ubelgiji kusoma shahada ya uzamili, somo lililonitoa jasho ni uandishi wa sheria za Umoja wa Ulaya. Ajabu, maana nyumbani Tanzania nilikuwa nimeshashika miswada miaka kadhaa.

Zoezi la kwanza: kanuni fupi ya lebo za asali na nta, kwa Kiingereza. Nikaandika nilivyozoea, sentensi ya mistari tisa yenye "isipokuwa kwamba" mbili, na kwenye aya za utangulizi nikawaamuru wazalishaji hiki na kile. Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu. Mwongozo wa pamoja wa Bunge la Ulaya, Baraza na Kamisheni hautaki amri kwenye utangulizi: pale ni pa sababu, amri zikae kwenye ibara. Hilo nililirekebisha jioni moja.

Kilichonikwamisha ni maneno matatu tu. Kiingereza hutanguliza sifa, nami niliandika "iliyosindikwa" kwanza, kisha asali, kisha nta. Mwenzangu Mfaransa, aliyepewa kunitafsiri, akauliza: imesindikwa asali peke yake, au na nta? Kifaransa chake kinamlazimisha kuchagua umoja au wingi. Sikuwa na jibu, na mwandishi ni mimi!

Mwalimu akatukumbusha kesi ya Stauder ya mwaka 1969, enzi Jumuiya ya Ulaya ilipokuwa na lugha rasmi nne. Wapokea misaada walipewa siagi ya bei nafuu kwa kuponi. Toleo la Kijerumani lilidai jina la mtu liandikwe; la Kifaransa lilitaka kuponi ya mhusika, bila kudai jina. Bwana Stauder wa Ulm, mji wa Ujerumani, akaona anadhalilishwa dukani. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema matoleo yote yasomwe pamoja, na ikashika lile lisilombana mtu. Leo lugha ni 24, na hakuna iliyo mama wa nyingine.

Usiku ule nikajaribu sentensi yangu kwa Kiswahili. "Asali na nta zilizosindikwa": zote mbili, sawa. Nikageuza: "asali iliyosindikwa na nta". Nikacheka peke yangu. Sasa nta ndiyo iliyosindika asali! Nikaishia na "nta, pamoja na asali ambayo imesindikwa", kisha nikairudisha kwa Kiingereza kwa mpangilio huohuo. Yule Mfaransa aliitafsiri bila kuinua kichwa.