Mlinganyo wa mstari tuliutoa kwenye simtanki

Mdogo wangu yuko form two, wiki iliyopita alikuwa analia na hesabu za mstari mnyoofu, kapewa pointi mbili atafute mlinganyo na kila akimaliza jibu linagoma. Darasani anafundishwa kwa Kiingereza kwahiyo maneno anayo ila hajui yanahusu nini. Nikamwambia funga daftari twende nje kwenye simtanki.

Hapa Nzuguni maji yakitoka tunajaza alafu tunasubiri mgao mwingine. Yalitoka Jumapili jioni. Jumanne jioni tulipima zikawa lita 760, Ijumaa 400, basi Jumapili tukaiita siku 0, x ikawa siku na y lita, tukapata (2, 760) na (5, 400).

Dogo akaanza na mteremko, yani lita zinabadilika ngapi kwa siku, tofauti ya y juu, ya x chini: juu 760 toa 400 ni 360, chini 5 toa 2 ni 3, jibu 120. Nikamuuliza, yani simtanki linajijaza lenyewe lita 120 kila siku? Akanyamaza. Hapo ndo wengi wanapotea jamani, anza na pointi yoyote unayotaka ila uliyoanza nayo juu ndo uanze nayo na chini. 400 toa 760 ni -360, gawa kwa 3, mteremko ni -120. Yani tunatumia ndoo sita za lita 20 kwa siku, na mama alikuwa anaosha vyombo pale akasema ndo hizohizo sita, mbona mngeniuliza.

Ikabaki c, yani lita za siku 0. Kwenye y = mx + c, m ni ule mteremko, weka pointi moja, 760 = -120 × 2 + c, c inakuwa 1000. Usiishie hapo, jaribu na ya pili, -120 × 5 + 1000 ni 400, imekubali. Kwa ile 120 yake pointi moja inatoa c 520 nyingine -200, ukiona hivyo jua kuna alama ya + au - umekosea. (Kama x zote mbili ni sawa usigawe, mstari umesimama wima, andika x = hiyo namba.)

Kwahiyo y = -120x + 1000. Nilichofurahi mimi ni ile 1000, ndo ujazo wa simtanki letu kabisa na Jumapili hatukupima kitu!

Dogo akaweka x = 8, Jumatatu, akapata 40, ndoo mbili. Jumatatu jioni tukafungua koki wote watatu tunaangalia. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikaishia nusu, maana koki iko juu kidogo ya kitako. Dogo akasema dada shika huku tuliinamishe, zimo.