Kiti, viti na kitanda: nilivyokifundisha kisanduku cha kutafutia

Mteja akiandika "kiti" kwenye tovuti ya duka la mama mdogo, alikuwa anaonyeshwa vitanda kabla ya viti. Hakuna kilichoharibika; programu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na ina kiongezi kinachoitwa pg_trgm ambacho hupima kufanana kwa maneno kwa kuyakata vipande vya herufi tatu tatu. Idadi ya vipande vinavyopatikana katika maneno yote mawili hugawanywa kwa idadi ya vipande vyote tofauti. Neno kwa neno, "kiti" na "kitanda" hupata 0.3. "Kiti" na "viti" hupata 0.25. Ukipanga kwa alama hizo, kitanda kinatangulia.

Sababu yake inapendeza kuijua. Kabla ya kukata vipande, pg_trgm huongeza nafasi mbili tupu mbele ya neno na moja tu nyuma, kwa hiyo mwanzo wa neno unakuwa na uzito kuliko mwisho. Kwa lugha inayoweka wingi mkiani hilo ni jambo zuri. Sisi wingi wetu uko kichwani. Maneno marefu kidogo huponea: "pazia" na "mapazia" hupata 0.4, na hata anayeandika "sufulia" badala ya "sufuria" anapata 0.45, hivyo anafika anakokwenda. Mafupi ndiyo yanayoumia.

Mama mdogo anauza vyombo na vifaa vya nyumbani Kariakoo, na tovuti nilimtengenezea mimi. Ningeweza kukaa na kuandika orodha ya umoja na wingi, na kweli niliandika, kwa sababu ki na vi havihitaji akili nyingi. Lakini hakuna kanuni ya herufi itakayoiambia mashine kwamba friji na jokofu ni kitu kimoja. Maneno hayo hayana hata kipande kimoja cha pamoja. Wateja wanalijua hilo. Basi nikaamua wateja ndio wafundishe.

Kwanza ilibidi tovuti ianze kukumbuka. Kila mtu akitafuta, tunaandika maneno aliyoyatumia, bidhaa alizoonyeshwa kwa mpangilio wake, aliyoigusa, alikaa nayo muda gani kabla ya kurudi nyuma, na alichoandika baada ya hapo. Kile cha mwisho watu wengi hukiacha, nami nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Mtu akiandika "jokofu", asiguse chochote, kisha muda mfupi baadaye akaandika "friji" na kugusa bidhaa, amekufanyia kazi ya kamusi bila kujua. Mmoja akifanya hivyo si kitu. Wakifanya wengi, tena wasiofahamiana, maneno hayo yanaunganishwa. Nilikuwa nachungulia orodha ya jozi hizo kila wiki na kuidhinisha kwa mkono, maana nyingine ni za kupotosha: watu wengi huandika "feni" kisha "pasi", na hizo si jina la kitu kimoja, ni mtu aliyehamia chumba kipya.

Ugumu wa pili ulikuwa wa kwetu hasa. Vitabu vya kazi hii vinadhani mteja atalipia palepale kwenye tovuti, kwa hiyo ununuzi unaonekana. Wateja wetu hawalipii hapo. Wanaangalia picha, wanagusa kitufe cha WhatsApp, wanauliza bei ya mwisho, wanaomba video ya bidhaa, halafu wanalipa kwa simu au wanampa hela bodaboda akifika mlangoni. Tovuti inamwona mtu anaondoka tu. Kama ungehesabu miguso peke yake ungeamini bidhaa inayopendwa ni ile yenye picha nzuri.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Kitufe cha WhatsApp sasa kinafungua ujumbe ulioandikwa tayari, wenye jina la bidhaa na namba fupi mwishoni. Namba hiyo ndiyo inayorudi kwenye utafutaji uliomleta mteja. Binti anayeshika simu ya duka akimaliza mauzo anaingiza namba ileile kwenye daftari letu la kompyuta. Wateja wengine huifuta, hilo siwezi kulizuia, lakini zinazobaki zinatosha. Nikapanga uzito: kugusa bidhaa alama 1, kuiweka kapuni 3, kufungua WhatsApp 6, kununua 10. Aliyegusa na kurudi ndani ya sekunde chache hahesabiwi kabisa. Namba hizo si takatifu, nilizipanga kwa kuangalia tu nani dukani tunamwita mnunuzi na nani tunamwita mtazamaji.

Jambo jingine: ondoa simu za nyumbani kwenu. Kabla sijazichuja, mtembeleaji mwenye bidii kuliko wote kwenye tovuti alikuwa mama mdogo mwenyewe, anayeingia usiku kukagua kama bei zimebadilishwa. Roboti za injini za utafutaji nazo zitoe.

Tulipokuwa na takwimu za kutosha, kishawishi kilikuwa kupanga matokeo kwa miguso moja kwa moja. Hapo kuna mtego unaojulikana. Watu hugusa kilicho juu kwa sababu kiko juu. Ukikizawadia kwa miguso hiyo kinazidi kukaa juu, na godoro jipya lililoingia juzi halitaonekana mpaka Idd ijayo. Mwaka 2002 Thorsten Joachims wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha njia ya kusoma miguso kwa tahadhari: mtu akiruka bidhaa ya kwanza na ya pili akagusa ya tatu, usiseme ya tatu ni nzuri, sema ameiona afadhali kuliko hizo mbili alizoziruka. Miaka minne baadaye yeye na Filip Radlinski walipendekeza kitu ambacho hata mtu asiye na shahada anaweza kukitekeleza: badilishanisha bidhaa jirani kwa bahati nasibu, ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, ili kila moja ipate zamu ya kuwa juu ya mwenzake. Mteja hahisi chochote. Wewe unapata ulinganisho usio na upendeleo wa nafasi. Sisi tunafanya hivyo kwa sehemu ya utafutaji tu, na huko ndiko tulikogundua kwamba kwa neno "sahani" watu walikuwa wanaziruka sahani moja moja tulizoziweka mbele na kutafuta seti.

Kisha mapendekezo, yaani ile safu ya bidhaa chini ya bidhaa unayoitazama. Amazon walieleza njia yao mwaka 2003, katika makala ya Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York, na msingi wake bado unafaa kwa duka dogo: badala ya kutafuta mteja anayefanana na mteja, tafuta bidhaa inayoambatana na bidhaa. Wateja wetu wengi huja mara moja na kupotea. Bidhaa zipo kila siku. Kwa hiyo unahesabu ni watembeleaji wangapi walioangalia bidhaa zote mbili katika ziara moja.

Hesabu hiyo ikiachwa mbichi inaleta upuuzi. Chukua mfano wa kubuni. Blenda imeonwa na watu 400, jiko la gesi la mezani na 100, na 40 wameona vyote viwili. Regulata ya gesi imeonwa na 25 tu, na kati yao 20 waliona jiko hilo. Kwa kuhesabu vichwa, chini ya jiko utaiweka blenda, 40 dhidi ya 20. Lakini blenda inaonwa na kila mtu. Ukigawa idadi ya pamoja kwa kipeuo cha pili cha zao la idadi zote mbili, blenda inapata 40 kwa 200, sawa na 0.2, na regulata inapata 20 kwa 50, sawa na 0.4. Hapo mwenye jiko anaonyeshwa regulata na mpira wa gesi, vitu ambavyo angevikumbuka ameshafika nyumbani. Jozi isiyo na watembeleaji tofauti wa kutosha hatuionyeshi kabisa. Bidhaa mpya isiyo na historia inaazima mapendekezo ya kundi lake mpaka ipate ya kwake.

Mpaka hapo kila mteja alikuwa anaona kitu kilekile. Hatua iliyofuata ilikuwa kumpangilia kila mtu kivyake, na hapo ndipo mama mdogo alipokataa. Nilimweleza kwamba tovuti itamkumbuka mtu, akirudi baada ya mwezi itamwonyesha yale aliyoyapenda.

"Simu ya nani, mwanangu?" akaniuliza.

"Ya mteja, mamdogo."

"Nyumbani simu moja wanaishika watatu. Baba anamtafutia mkewe zawadi, mke akifungua anaikuta. Au kijana ametafuta godoro la kupanga chumba na mama yake hajui kama anahama. Utamlipa nani?"

Sikuwa na la kujibu, na kila nikilifikiria nazidi kuona alikuwa amegusa penyewe. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani utafutaji wa watu takribani 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa New York Times walimpata mama mmoja huko Georgia kwa kusoma tu mambo aliyoyatafuta. Namba badala ya jina si pazia. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awe na sababu ya kueleweka ya kuzikusanya. Duka la masufuria halina sababu ya kueleweka ya kujua ulitafuta nini mwaka jana.

Tukakubaliana kwamba tovuti itakumbuka ziara iliyopo tu. Namba ya mtembeleaji inatolewa kwa bahati nasibu na inakufa baada ya dakika 30 za ukimya, muda uleule ambao programu nyingi za takwimu za tovuti huuhesabu kama mwisho wa ziara. Ni kama muuzaji mzoefu wa Kariakoo: umeulizia mtungi wa gesi, ukisema "na jiko je?" hatakuletea la mkaa. Kesho ukipita hakujui.

Kiutendaji ni rahisi kuliko inavyosikika. Kila bidhaa ina sifa chache: aina ya nishati, ukubwa, kundi la bei, chumba inakokaa. Bidhaa unazozigusa katika ziara zinaongeza alama za sifa zake, za karibuni zikiwa na uzito zaidi. Ukitafuta "jiko", matokeo ya kawaida yanakuja kwanza, kisha alama hizo zinayasogeza kidogo, haziruhusiwi kulipandisha lisilohusika. Aliyetazama mitungi anaona ya gesi juu. Ambaye hajatazama kitu anaona mchanganyiko, la gesi, la umeme na la mkaa, ili achague mwenyewe. Kundi la bei lilituletea ubishi. Mama mdogo hakutaka mtu afichwe vitu vizuri kwa kuwa ameonekana akiangalia vya bei nafuu, kwa hiyo bei inaathiri mpangilio kwa uzito mdogo kuliko sifa zote, na safu ya mwanzo lazima iwe na angalau bidhaa moja ya kundi jingine. Bei yenyewe haibadiliki kwa mtu yeyote.

Je, imesaidia? Tuligawa watembeleaji nusu kwa nusu kwa bahati nasibu, nusu wakaona mpangilio mpya na nusu wa zamani. Nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu ukilinganisha mwezi huu na uliopita utajikuta unapima Ramadhani au mishahara, si kazi yako. Kuunganisha maneno kulileta tofauti kubwa kuliko yote, na ndiko kulikokuwa rahisi. Mapendekezo yaliongeza vitu vidogo kwenye oda moja: regulata, mipira, foronya juu ya mito. Kumpangilia mtu kivyake kulisaidia maneno yenye maana pana, kama "jiko", "meza" na "mashine". Kwa anayekuja kutoka Instagram akitafuta bidhaa moja aliyoiona kwenye picha, hakukubadilisha chochote, na sidhani kama kungeweza. Kama una muda wa kufanya moja tu kati ya hayo, fanya la maneno.

Faida ambayo sikuipanga ilitoka kwenye utafutaji usioleta kitu. Orodha yake namtumia mama mdogo kila Jumatatu asubuhi, maneno tu, bila namba ya mtu. Anaisoma akiwa kwenye daladala. Wiki kadhaa "eya fraya" ilikuwa inajirudia kwa tahajia za kila namna, akaagiza chache kwa jirani yake mwenye mzigo. Sasa amenipa kazi nyingine: anataka kujua zinazotafutwa sana zikiwa zimeisha dukani, siyo zile tu ambazo hatujawahi kuwa nazo. Hilo linahitaji hesabu ya stoo iingie kwenye mfumo, na stoo yake bado iko kwenye kaunta buku.