Gari lililopoteza mawasiliano: nilivyolifuata tatizo kwa mita

Masika ndiyo msimu wetu mafundi wa umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Maji yakishaingia ndani ya gari, kesi za "taa zote zimewaka" hazichelewi. Hii ilikuwa gari dogo la Kijapani. Kishale cha spidi kilianguka sifuri likiwa barabarani, usukani ukawa mzito ghafla, taa za injini na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) zikawaka pamoja. Baada ya muda kila kitu kinarudi chenyewe.

"Fundi, nimeambiwa ninunue kontrol boksi ya ABS, na ikishindikana ya injini pia," mwenye gari akaniambia.

"Dada, usinunue chochote kwanza. Niachie nilipime."

Nilishukuru kwamba lilifika tatizo likiwa bado lipo, maana hitilafu inayokuja na kuondoka inatesa. Nilipochomeka mashine ya kupimia, dashibodi ilijibu, usukani wa umeme ukajibu, eabegi zikajibu. Injini na ABS kimya. Kwenye kumbukumbu ya usukani kulikuwa na misimbo U0100 na U0121, yaani mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea, na ya ABS vilevile.

Hapa ndipo wateja wengi wanapopoteza hela. Msimbo unaoanza na U hausemi kifaa kimekufa. Unasema kifaa kingine kilisubiri ujumbe na hakikuupata. Aliyenyamaza anaweza kuwa mzima kabisa, ila waya umekatika, au hapati umeme, au hasi yake imelegea. Na kontrol boksi mbili, yaani kompyuta hizo, zife pamoja, halafu zifufuke pamoja jioni? Sikuamini hata kidogo.

Betri, fyuzi na waya za hasi zinazofungwa kwenye bodi zote zilikuwa sawa. Nikahamia kwenye mtandao wenyewe, yaani waya ambazo kompyuta za gari huzungumzia.

Magari ya siku hizi yanatumia CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986. Ni waya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN High na CAN Low, na kompyuta zote zinazungumza humo kwa zamu kama watu wa baraza moja. Kila mwisho wa mstari una rezista, kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, ya omu 120 (omu ni kipimo cha uzuiaji huo). Kwenye gari hili moja imo ndani ya kompyuta ya injini, nyingine ndani ya dashibodi. Ukipima katikati unazisoma zote mbili kwa pamoja, na kwa kuwa zimeungwa sambamba jibu sahihi ni nusu, omu 60 hivi.

Nilichomoa betri, nikasubiri kidogo, nikaweka mita kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia, chini ya usukani. Ikasoma 120. Namba hiyo ilinifurahisha kuliko mashine yote ya kupimia, kwa sababu maana yake ni moja: rezista ya upande mmoja haionekani. Ingekuwa karibu na sifuri, ningetafuta mahali waya mbili zinapogusana.

Nikachomoa soketi ya kompyuta ya injini na kuipima kompyuta yenyewe kwenye pini zake mbili za CAN: 120. Rezista yake nzima. Basi waya. High ilipitisha kutoka soketi hiyo mpaka ya OBD, Low haikupitisha.

Low inayokwenda upande wa injini na ABS inapita kwenye kiungio cha wayaringi pembeni ya miguu ya dereva. Nilipofunua kapeti, sponji yake ilikuwa imelowa. Ndani ya kiungio, pini moja ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani, imebaki kama uzi; ikitikisika inagusa, ikitikisika tena inaachia.

Nilikata kipande kilichooza mpaka nikafika kwenye shaba safi, nikaweka pini mpya, nikaunga kwa lehemu na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kisha nikazisokota waya mbili kama zilivyokuwa. Msokoto huo haupo kwa urembo: kelele za umeme zinaziingia waya zote mbili kwa kiasi sawa, na kompyuta inasoma tofauti kati yake tu, kwa hiyo kelele hazina nguvu. Kuunga CAN kwa kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu ni kumwandalia mteja safari nyingine ya gereji.

Mita ikasoma 60. Nikarudisha betri na kuwasha swichi: High volti 2.7 hivi, Low 2.3 hivi. Kompyuta zote zikajibu. Nikafuta misimbo, nikaendesha kwenye barabara mbovu makusudi, hakuna uliorudi.

Ila maji yalikuwa bado na mlango wake. Gari hulala chini ya mti wa mkungu, na matundu ya kutolea maji chini ya wipa yalikuwa yamezibwa na majani, mvua ikawa inafurika na kuingia ndani. Niliyazibua, nikamwagia maji kiooni kwa mpira hadi nikaona yanatokea chini ya gari, nikaliacha kapeti juani mpaka likauke.