Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa tepe za mashada, City Market

Mvua imenyesha Githurai usiku kucha, na saa kumi na moja alfajiri bado inapiga mabati. Ni Jumanne, tarehe 26 Aprili 2022. Shule zimefunguliwa jana, kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote nampigia binti yangu sweta pasi na kumwekea mandazi mawili kwenye mkebe. Jana jioni alirudi na swali: kwa nini bendera ya shule imekwama katikati ya mlingoti? Nikamwambia kuna mzee amefariki. Akauliza, "Ni mzee wetu?" Nikafikiri kidogo, nikasema ndiyo, ni wetu.

Kazi yangu ni maua. Niseme vizuri zaidi: kazi yangu ni maneno yanayobandikwa juu ya maua. Katika kibanda chetu pale City Market, soko la katikati ya Nairobi, mimi ndiye ninayeandika tepe za mashada. Tangu Ijumaa iliyopita, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba Mwai Kibaki, rais wetu wa tatu, ametuacha akiwa na miaka 90, sijapumzisha mkono.

Saa kumi na mbili na nusu niko kwenye matatu, Thika Road. Dereva amefungulia redio, na watu wanapiga simu kila mmoja na lake. Mfugaji anasema hela ya maziwa ilirudi kampuni ya maziwa ya KCC ilipofufuliwa. Mwingine anataja zahanati ya kijijini kwao iliyojengwa kwa pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi. Hakuna abiria anayeomba sauti ipunguzwe. Barabara yenyewe tunayopita aliifungua mwaka 2012. Kabla yake mama yangu alitoka nyumbani saa kumi usiku ili afike mjini kufua nguo za watu kabla wenyewe hawajaenda kazini.

Nashuka Tom Mboya na kukatiza hadi Kimathi Street. Kila asubuhi napita mbele ya sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Leo nimesimama. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo kaburi lake halijulikani. Miaka 50 kamili baadaye, Kibaki alikuja hapa kuifunua sanamu hii. Serikali yake ndiyo iliyoondoa, mwaka 2003, marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Yaani miaka 40 baada ya uhuru, walioupigania walikuwa bado kundi haramu kwa mujibu wa sheria. Nafanya kazi ya kuwaandikia wafu, kwa hiyo jambo hili hunigusa: kuna watu husubiri nusu karne kupata shada lao.

Saa moja na nusu tumefungua. Mama ninayemfanyia kazi ameuza maua hapa tangu kabla sijazaliwa. Yeye hufunga majani ya saipresi kwenye duara la waya, akapachika mawaridi meupe ya Naivasha moja moja, akizungusha duara magotini kama mtu anayesuka kikapu. Halafu shada linakuja kwangu. Utepe wetu ni wa satini, upana wa vidole vinne, nami naandika kwa kalamu ya wino wa dhahabu. Satini haifutiki. Ukikosea herufi moja unakata utepe mwingine, na gharama ni ya kibanda. Utepe wa mita moja unabeba maneno saba, manane ukibana. Ndiyo maana kazi kubwa huwa ni kumsaidia mteja kuchagua maneno kuliko kuandika kwenyewe.

Oda za leo ni kumi na moja. Nyingine zitawekwa mbele ya picha ya mzee kwenye ofisi za watu, nyingine zitasafiri hadi kwao Othaya kwa mazishi ya Jumamosi. Kijana wa sacco moja amekuja na karatasi iliyoandikwa "Marehemu Mwai Kibaki", lakini mwenyekiti wake amempigia simu akitaka "Hayati". Ananiuliza, "Dada, tofauti ni gani?" Namweleza ninavyojua: marehemu ni aliyerehemiwa, na kila mtu atakuwa marehemu siku moja. Hayati limezoeleka kwa wakubwa wa nchi, na ndani yake mna uhai. Kwa utepe wa leo mimi ningechagua hayati, kwa sababu mtu ambaye barabara na shule zake bado zinatumika ana namna ya kubaki hai. Ameenda na hayati.

Halafu amekuja mama mmoja wa Kawangware, mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne. Wamechanga kidogo kidogo kwa M-Pesa, na kila aliyetoa anataka jina lake lionekane. Majina kumi na manne hayaingii kwenye utepe hata nikiandika kwa sindano. Mama wa watu amesimama, mwavuli unamdondokea miguuni, anasema, "Sasa nitamwacha nani, mwanangu?" Nimeandika mbele "Asante Baba kwa elimu ya watoto wetu". Kisha nimeugeuza utepe na kuyaandika majina yote kumi na manne upande wa nyuma, kwa herufi ndogo, kila jina na mstari wake. Imenichukua karibu saa nzima. Ameyasoma yote kwa sauti, akihesabu kwa vidole, ndipo akalipa.

Sikumwambia, lakini maneno yale ya mbele yalikuwa yangu pia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sijawahi kukaa darasani hadi Januari 2003, ada ya shule za msingi ilipoondolewa. Nchi nzima, zaidi ya watoto milioni moja walimiminika shuleni mwaka ule. Mwaka uliofuata akaingia hata Mzee Kimani Maruge, miaka 84, akiwa amevaa kaptula ya sare. Shule yetu haikuwa tayari. Tulikaa sakafuni, mwalimu mmoja na watoto zaidi ya mia, na vitabu vilikuwa vya kugawana. Wanaosema elimu ile ilikuwa na mapengo wanasema kweli, mimi mwenyewe niliyakalia. Lakini mwalimu alipofungua rejista akaniuliza jina langu, akaliandika lote, majina yangu matatu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jina langu kwenye karatasi isiyokuwa kadi ya kliniki. Huu mwandiko ninaolipwa kwa ajili yake ulianzia sakafuni pale.

Saa sita mama mwenye kibanda ananikumbusha kwamba leo ni tarehe ambayo Mama Lucy Kibaki alifariki kule London, mwaka 2016. Miaka sita kamili, na mwili wa mumewe umelazwa Bungeni, watu wakipita kumuaga, siku hiyohiyo. Tumekula githeri kimyakimya baada ya hapo.

Saa saba namwambia kijana wetu wa boda kwamba nataka kwenda Bungeni, kama atanishikia meza. Namwuliza kama yeye ataenda kesho. Anafunga shada la Upper Hill kwenye pikipiki, haniangalii. "Wewe nenda, dada. Mimi nilimzika babangu Januari 2008, na hakuna aliyetuletea shada."

Sikuwa na jibu, na sidhani alitaka jibu. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tangu Ijumaa nimesikia salamu nyingi za rambirambi, na nyingi zinaruka kutoka elimu ya bure ya 2003 hadi katiba ya 2010, kama mtu anayeruka dimbwi. Kibaki aliapishwa mara mbili. Mara ya kwanza, tarehe 30 Desemba 2002, mchana kweupe Uhuru Park, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, watu wamejaa mpaka juu ya miti. Mara ya pili, tarehe ileile ya mwaka 2007, Ikulu, giza likiingia, huku matokeo ya uchaguzi yakipingwa. Mkataba wa kugawana madaraka kati yake na mpinzani wake Raila Odinga ulikuja mwisho wa Februari 2008, baba wa huyu kijana akiwa tayari ardhini. Viapo vyote viwili ni vyake. Mimi namwomboleza kwa moyo wangu wote, na bado naona kwamba sifa inayoficha kiapo kimoja inampunguzia yeye mwenyewe, maana hata Mkenya aliyeumia ana haki ya kutajwa mtu wake anapozungumziwa aliyekuwa rais wake.

Saa nane niko kwenye foleni. Mbele yangu kuna mzee wa kofia na koti zito, anaegemea bakora. Ananiita msichana wangu. Ananiambia hii ni foleni yake ya tatu. Agosti 1978 alipanga foleni Ikulu kumwona Mzee Jomo Kenyatta. Februari 2020 alikuja hapahapa Bungeni kumwona Moi. Nikamwuliza ipi ilikuwa nzito zaidi.

"Ile ya kwanza," akasema. "Hatukuwa tumewahi kuwa na rais mwingine. Watu walikuwa wanalia, lakini ndani ilikuwa hofu. Tulikuwa tunaulizana kesho itakuwaje." Akanyoosha bakora kuelekea upande wa kaburi la Kenyatta, hapo kwenye uwanja wa Bunge. "Leo hakuna mwenye hofu. Umeona? Watu wanaongea bei ya unga."

Ni kweli. Nyuma yetu walikuwa wanaongea bei ya unga na mafuta. Nikamwuliza mbona anajisumbua na mvua hii, si angetazama kwenye televisheni. "Nataka nimwone mwenyewe, nisiambiwe." Tukasogea hatua mbili. Akaongeza, "Huyu alinipandishia bei ya kahawa yangu, lakini pia kuna siku alinikasirisha sana. Nimekuja na yote."

Njia nzima nilikuwa natunga. Mimi ni mtu wa maneno manane, nikasema siwezi kukosa manane yangu mwenyewe. Nimejaribu "Lala salama", nimeandika hayo mara mia, yamechakaa. Nimejaribu "Asante Mwalimu", kwa sababu aliwahi kufundisha Makerere, lakini hakunifundisha mimi. Tulipofika penye ukaguzi bado sikuwa na kitu.

Ndani watu walishusha sauti bila kuambiwa. Viatu vyenye matope, wanajeshi wamesimama wima, na mstari haukusimama: unapita, unatazama, unatoka. Nilipata labda sekunde nne. Mzee wangu alivua kofia. Mimi nilipofika kwenye jeneza, midomo ilisema jina langu. Majina yote matatu, kwa mpangilio ule wa rejista. Sijui kama aliye nyuma yangu alinisikia.

Saa kumi na moja jioni nimerudi kibandani. Kijana wa boda ameshapeleka mashada manne, na meza ameipanga vizuri kuliko nilivyoiacha. Amenimiminia chai. Baada ya muda akauliza, "Watu walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Wa kutoka wapi?"

"Kila mahali."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akachukua shada la akina mama wa Kawangware alilotakiwa kulipeleka, akalifunika na karatasi ya nailoni, akageuza utepe taratibu kuangalia kama majina ya nyuma yamefunikwa yasilowe, akawasha pikipiki.