Akishatoka jela, nani anamlinda aliyeumizwa?

Jamani hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima ngoja niliseme. Kuna dada tunauza naye mitumba pale soko la Kiborloni, Moshi, jina silitaji, miaka ya nyuma mzazi mwenzake alimkata panga mkono wa kushoto, kesi ikaenda mpaka jamaa akafungwa. Juzi kaja bodaboda kamwambia "yule mtu wako nimemuona stendi". Yaani habari kapewa na bodaboda! Sasa hivi anafunga meza mapema, jioni ndo wateja wanatoka kazini yeye anakunja turubai, na akiitwa kwa nyuma anaushika ule mkono kwanza ndo anageuka.

Mfungwa akiwa na tabia nzuri anapunguziwa theluthi ya kifungo, halafu kuna misamaha ya rais, ile ya Muungano na ile ya 9 Desemba. Mimi hayo siyapingi kabisa, watu wanabadilika. Ila kifungo kikiisha, yule aliyeumizwa anabaki na nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kumpiga mwenzi, tangu 1998 kubaka ni miaka 30 kwenda juu, 2015 tukapata sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, lakini sheria inayosimama yenyewe ya ukatili wa majumbani bado hatuna, na sijawahi kusikia hakimu anamaliza kusoma hukumu halafu anaongeza "na ukitoka usimsogelee huyu mama mpaka yeye mwenyewe aseme". Kenya hapo jirani walipitisha yao 2015, unaomba amri ya ulinzi mahakamani na anayeivunja ni kosa la jinai.

Huko Marekani kuna majimbo yameenda mbali zaidi. New Jersey amri ya mwisho ya ulinzi ya mahakama kwenye kesi za majumbani haina tarehe ya kuisha. Arizona 2021 walipitisha Sheria ya Kayleigh, imepewa jina la dada aliyenyanyaswa na kocha wake akiwa mtoto, jamaa akapewa kifungo cha nje, baadae akaomba kifutwe, ndo dada anagundua kumbe kikifutwa na zuio la kumsogelea linakufa hapo hapo. Sasa aliyeumizwa anaweza kuomba zuio la maisha. Tennessee nao mwaka huohuo wakaruhusu amri ya maisha kwa walioumizwa kwenye makosa mazito.

Na hiyo ya maisha ina maana kubwa, kwa sababu amri ya mwaka mmoja mmoja inamrudisha mtu mahakamani kila ikikaribia kuisha, anasimama tena mbele ya yuleyule, anaeleza tena kwa nini anaogopa, kama vile kovu lina tarehe ya kuisha. Kuna watu wanasema ni kumuadhibu mtu mara mbili. Hapana. Ushahidi ulishapimwa, akapatikana na hatia, katoka yuko huru afanye kazi, aoe, alime, ni mtu mmoja tu duniani asiyetakiwa kumfuata. Hukumu ikitenguliwa kwenye rufaa basi na zuio litenguliwe, hilo sawa.

Kwetu Uchagani ugumu uko kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Huku juu Kibosho au Marangu nyumba zimebanana kwenye migomba, njia ni moja na mfereji ni mmoja, ardhi ni ya ukoo wa mwanaume, na Desemba kila mtu anapanda nyumbani. Ukisema akae mita mia, atakaa wapi? Kawaida wazee wakikaa kikao anayeambiwa ahame ni mama na watoto "ili yaishe". Mimi nasema ahame aliyeshika panga, hata kama kihamba ni cha babu yake, iandikwe kwenye hukumu siku ileile, nakala moja abaki nayo mtendaji, nyingine dawati la jinsia, na namba ya simu ya huyo mama iwe kwenye faili la mfungwa ili apigiwe kabla geti halijafunguliwa.