Jinsi nilivyoacha kuhesabu kura tu kwenye grupu letu la mtaa

Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, watu kama mia mbili hivi, wauza samaki wa Deep Sea, bodaboda, kina mama wa vikoba, mchanganyiko kabisa. Mwanzoni nilijiona mjanja, kila uvumi ukiingia naweka kura, KWELI au UONGO, wengi wape. Basi.

Sasa Mei 2024 kimbunga Hidaya kinatangazwa, Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatoa tahadhari, watu roho juu. Usiku wa tarehe 3 ikaingia klipu, mawimbi yanaruka ukuta yanafunika barabara, imeandikwa "Raskazone sasa hivi", yaani ufukweni hapa hapa Tanga. Nikaweka kura. Nusu saa tu kweli 61, uongo 9. Nikaipini kabisa kwamba imethibitishwa, yaani mpaka leo naona aibu, maana kijana mmoja wa boda katika wale tisa akanifuata inboksi, "bro angalia magari". Nikaiangalia tena taratibu, kumbe magari yote yanapita kulia! Sisi huku si tunapita kushoto jamani? Na Hidaya yenyewe ilikuwa haijafika hata kisiwani Mafia, ilifika kesho yake.

Nikamwambia mzee mmoja wa Deep Sea aliyeileta.

"Shikamoo mzee, ile klipu sio ya hapa."

"Marahaba. Wewe kijana, mimi nimeona kwa macho yangu."

"Umeonea wapi mzee?"

"Si hapa kwenye simu!"

Ndo nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Kule X (zamani Twitter) kuna kitu kinaitwa Community Notes, kilianza Marekani 2021 kikiitwa Birdwatch, watu wa kawaida wanaandika maelezo chini ya posti yenye utata halafu wengine wanayapigia kura. Mimi nilidhani wanajumlisha tu kama mimi, kumbe hapana. Wanaangalia huko nyuma nani amekuwa akipiga kura vipi, na maelezo yanapanda pale watu ambao kwa kawaida hawaelewani wanapoyaona wote, wa huku na wa kule, kwamba yanasaidia. Watu mia wa upande mmoja wakikubaliana peke yao hawatoshi. Halafu mgeni haandiki moja kwa moja, anaanza kwa kupigia kura maelezo ya wengine mpaka apate pointi 5. Hiyo ya pointi niliipenda sana, kwenye grupu letu mtu ameongezwa asubuhi, ikifika saa sita anatangaza msiba.

Mimi hesabu zao siziwezi, nikachukua daftari. WhatsApp ukigusa kura inakuonyesha nani kachagua nini, nikarudi nyuma uvumi kumi na mbili nikaandika majina, na makundi yakajitokeza yenyewe, wale wa "imesambazwa mara nyingi" wanaokubali kila kitu na vijana wanaokataa kila kitu hata kama ni kweli (hao nao wanachosha). Toka hapo sipini mpaka wawepo watu watano kila upande waliokubaliana na mmoja alete ushahidi, picha aliyopiga mwenyewe au tangazo la wahusika. Mawimbi yoyote sasa namtuma mtu wa boda Raskazone, dakika kumi karudi na video.

Kelele zimepungua kweli, ila ni taratibu mno. Mwezi mmoja ikaja meseji ya mkopo wa kina mama, tuma elfu kumi ya fomu, mimi nasubiri watano wa huku na watano wa kule, jibu limepatikana baada ya Isha, wawili walishatuma na mmoja ni shangazi yangu. Hakunisema, aliniuliza tu, "sasa mwanangu lile daftari lako lilikuwa wapi?" Siku hizi meseji ikitaja hela nafuta kwanza, kura baadaye.