Wote Tulikuwa Daraja la Kwanza

Mwaliko wa safari ya treni ndogo ya mvuke shambani ulitaka mavazi ya enzi ya treni hizo, na watu walitii kwelikweli. Makoti yenye mikia, kofia ndefu nyeusi, glavu nyeupe, sketi zilizotanuka kiasi kwamba kuingia behewani ulikuwa mtihani. Mimi nilikuwa na kizibao na saa ya mfukoni isiyotembea. Tulipigana picha kando ya injini mpaka jua likaanza kuzama nyuma ya mashamba.

Katikati ya shamrashamra hizo nikaona jambo ambalo halijanitoka mpaka leo. Kundi zima lile, hakuna hata mmoja aliyekuja kama abiria wa daraja la tatu. Wote mabwana na mabibi! Ukituangalia ungedhani karne ya 19 haikuwa na dobi, mchimba makaa wala kibarua wa kuvuna.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Miaka ya mwanzo ya reli kule Uingereza, mnyonge alipandishwa behewa la wazi, wakati mwingine halina hata benchi, akala mvua na moshi njia nzima. Mkesha wa Krismasi mwaka 1841, treni iligonga kifusi cha udongo ulioporomoka relini pale Sonning. Waliokufa walikuwa watu wa daraja la tatu, wengi wao mafundi wa mawe waliokuwa wakijenga Bunge jipya la London, na sasa wanarudi makwao kwa sikukuu. Kuta za mabehewa yao zilikuwa fupi, wakarushwa nje. Mwaka 1844 ndipo sheria ikazibana kampuni: kila siku iwepo walau treni moja yenye daraja la tatu lililoezekwa na lenye viti, nauli isizidi peni moja kwa maili. Sasa tafuta vazi la fundi wa mawe kwenye duka la kukodisha mavazi ya kale. Hulipati. Kofia ndefu zimejaa rafu nzima.

Mgeni mmoja pembeni yangu alinong'ona kwamba treni shambani ni mchezo wa watu wasio na shida. Hapo sikukubaliana naye. Reli nyembamba za aina hii zina asili ya shambani hasa. Mfaransa Paul Decauville, katika miaka ya 1870, alikuwa na shamba la viazisukari na ardhi yenye matope ambayo mikokoteni ilizama. Akatengeneza vipande vya reli vilivyokwisha kuunganishwa na mataruma yake ya chuma, vyepesi vya kubebwa na watu na kutandazwa popote mavuno yalipo. Upana wa sentimita 60 ukaja kuzoeleka sana, chini ya nusu ya ule wa reli kubwa wa milimita 1,435. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, treni yake ndogo ilibeba abiria zaidi ya milioni 6. Viazi ndivyo vilivyotangulia kupanda. Mabwana wenye kofia walifuata baadaye.

Tulizunguka shamba mara kadhaa. Mandhari nzuri, sina mengi ya kusema, maana nilitumia muda mwingi nikiinamia dirisha la mbele kumtazama mchochea moto. Huyu ndiye mtu pekee aliyevaa sawasawa jioni ile, na wala hakuwa ameigiza: ovaroli ya pamba, kitambaa shingoni, buti, masizi mpaka kwenye nyusi. Umvushe miaka 100 nyuma, hakuna atakayemshangaa.

Tuliposimama kuongeza maji nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mkubwa," akajibu akikiangalia kizibao changu, kisha akacheka.

Aliniambia moto aliuwasha asubuhi, wakati sisi bado tunahangaika na vifungo. Boila haipashwi kwa pupa. Chuma kinatanuka, na kikitanuka upande mmoja kabla ya mwingine maungio yanavuja. Akanionyesha kioo cha maji, kijibomba kilichosimama wima mbele ya macho yake kuonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Hicho hakiachi. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, bamba la chuma linabaki bila kitu cha kulipoza, linalainika, na mgandamizo wa mvuke unaweza kulipasua. Ndiyo maana pale juu pana kizibo chenye madini ya risasi ndani: joto likizidi, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia motoni kama onyo.

Nikamuuliza kuhusu ule mlio, chafu-chafu-chafu, ambao watoto wote huuiga. Kumbe ni mvuke uliokwisha kusukuma pistoni, unatokea juu kwenye dohani. Ukitoka unavuta hewa nyuma yake kupitia makaa, moto unawaka zaidi. Kwa hiyo injini ikipanda mlima na kutweta, inajipulizia moto yenyewe. Hakuna kompyuta inayoamua. Nilisimama pale nikitikisa kichwa kwa furaha ya kitoto, bila kujali kwamba glavu zangu zimeshakuwa za kijivu.

Bibi mmoja mwenye gauni jeupe alilalamika kwamba cheche imemtoboa begani. Mchochea moto akamwomba radhi kwa adabu zote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba gauni jeupe na makaa ya mawe havijawahi kupatana, wala zamani hizo.

Nikamwambia safari ijayo nataka kuja kama yeye, si kama bwana mkubwa. Alinipima kwa macho kutoka kizibao hadi viatu.

"Basi njoo alfajiri, tukombe majivu ya jana kwanza. Buti za ngozi. Nguo za pamba tupu, nailoni itakuyeyukia mwilini. Na hiyo saa iache nyumbani."

Tayari nimeulizia buti.